Chaza wanakufa: jinsi ya kujua ni kimelea gani

Ukifuga chaza, kombe au kome ipo siku utakuta wengi wamekufa, magamba wazi, walio hai wamekonda, na kila mtu atakuja na jibu lake. Mi naomba kitu kimoja tu, usitaje jina la ugonjwa kabla hujaona kimelea chenyewe, kwa sababu dalili za nje zinafanana karibu zote. Chaza mwenye Bonamia, mwenye Perkinsus (hivi viwili ni vimelea vya seli moja) na aliyepigwa na joto kali tu, wote wanakonda, wote wanachelewa kufunga gamba. Na wengi wenye Bonamia ukiwafungua hawana dalili yoyote ya kuonekana kwa macho.

Anza na sampuli maana hapa ndo kazi nyingi zinaharibikia. Waliokwisha kufa na kuanza kuoza hawafai, bakteria washawala. Chukua walio hai lakini wadhaifu, wale ambao ukiwagusa hawafungi haraka, na kama hakuna vifo ila unakagua tu basi chukua 150 bila kuchagua, hiyo inakupa uhakika wa asilimia 95 wa kumpata hata mmoja kama walioambukizwa ni asilimia 2. Ukichukua 30 utagundua tu kama maambukizi yamefika kama asilimia 10. Waweke mahali baridi na unyevu, usiwagandishe kwenye friza maana seli zinapasuka, na usiwatie kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Fungua, angalia kwa macho kwanza. Malengelenge yenye tope ndani ya gamba ni minyoo ya Polydora, hao wanachafua gamba na kushusha bei lakini si mara nyingi wanaua. Kaa mdogo kwenye matamvua utamwona mwenyewe, na kome akiwa na kijidudu chekundu kama mnyoo kwenye utumbo huyo ni Mytilicola. Nyuzi nyeupe zilizosokotana sehemu ya mayai, hizo ni minyoo bapa ya Bucephalus, chaza huyo hatazaa tena. Kisha tazama tezi ya kumeng'enya chakula, ikiwa imepauka badala ya kahawia iliyokolea weka alama, ila ni alama tu siyo jibu, hata njaa inaipausha.

Wauaji wakubwa hawaonekani bila hadubini. Njia rahisi ni kugonga kipande kwenye slaidi: kata moyo, au tamvua, au ile tezi, kausha maji kwenye karatasi inayonyonya, gonga gonga kwenye slaidi, acha ikauke, tia methanoli ili seli zishike kwenye slaidi, paka rangi ya kupimia damu kama ile ya maabara za hospitali, halafu angalia kwa lenzi ya mafuta ukikuza mara 1000. Kipande cha wapi kinategemea unamtafuta nani. Bonamia anakaa ndani ya seli za damu, kwa hiyo moyo na matamvua, ni kiduara cha maikromita 2 hadi 5 hivi chenye kiini kimoja, wakati mwingine wamejaa kadhaa ndani ya seli moja. Marteilia anakaa kwenye tezi ya chakula na utamtambua kwa seli iliyo ndani ya seli nyingine. MSX, yaani Haplosporidium nelsoni, aliyeua chaza vibaya sana Delaware Bay nchini Marekani mwaka 1957, ni bonge lenye viini vingi.

Perkinsus ana njia yake na mi naipenda sana kwa sababu haihitaji mashine ghali. Unachukua vipande vya matamvua, mwisho wa utumbo na ile ngozi ya pembeni, unavitia kwenye maji ya thayoglikoleti (maji ya maabara ya kukuzia vimelea) yenye dawa za kuua bakteria na kuvu, unaviweka gizani kwa nyuzi 22 hadi 25 siku 5 hadi 7, kisha unavisaga na kudondoshea ayodini ya Lugol. Kama yupo utaona mipira imevimba, ya buluu inayokaribia weusi. Ila haikwambii ni Perkinsus marinus au olseni, na MSX haimwoni kabisa, kwa hiyo matokeo safi hapa siyo cheti cha afya.

Ndo maana kila chaza mgawanye mara mbili tangu mwanzo: kipande cha unene wa milimita 3 hadi 5 kinachopita matamvua, tezi na sehemu ya mayai kwenye dawa ya Davidson inayohifadhi nyama kwa ajili ya hadubini, maji ya dawa mara 10 ya nyama, kingine kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya kimelea. Usimtie kipande cha PCR kwenye dawa ya Davidson, inaharibu DNA. PCR nayo ikisema ndiyo inamaanisha DNA ipo tu, inaweza kuwa kimelea kilikuwa kinapita kwenye maji aliyochuja, mpaka umwone ndani ya nyama ndo useme kaambukizwa.

Vimelea hawa niliowataja hawaambukizi binadamu, wanaoumia ni chaza. Sasa maganda na maji uliyofungulia usirudishe baharini hata kidogo, Bonamia na Perkinsus wanapita moja kwa moja toka chaza hadi chaza, na usihamishe mbegu kwenda shamba lingine wakati unasubiri majibu. Ukimpata Bonamia, Marteilia refringens au Perkinsus piga simu kwa ofisi ya mifugo au uvuvi siku hiyo hiyo, aina zao kadhaa ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na majirani zako wanaochota maji yale yale wana haki ya kujua mapema.