Unaong'aa? Subiri kidogo kabla hujauita lucidum

Wakuu, masika haya visiki vya Moshi na Arusha vimejaa ule uyoga mgumu wa magogo, na kila anayeona wa kung'aa kama umepigwa vanishi anasema hiyo ni Ganoderma lucidum. Taratibu jamani. Lucidum ilielezwa toka Uingereza mwaka 1781, baadaye jina likabandikwa uyoga wa dunia nzima, sasa wa kwenye mgrivea wako huko Machame usiubebeshe jina hilo kwa ajili ya kung'aa tu.

Kabla hujang'oa piga picha juu, chini na ubavuni, andika ni mti gani, mzima au umekufa, umeota shinani au mizizini. Hiyo ya mti watu wanaisahau sana na bila hiyo kielelezo chako kinapoteza nusu ya thamani. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro usikate kitu bila kibali.

Haya geuza. Chini huoni vile vikunjo vya uyoga wa mamama, ni vitundu tu, weka rula na lenzi uhesabu milimita moja inaingiza vingapi, Ganoderma nyingi ni kama 4 hadi 6. Kwaruza na ukucha, pale peupe panageuka kahawia. Halafu angalia juu ya kofia, mara nyingi kuna vumbi la kahawia limetua mpaka kwenye majani ya jirani, usilipanguse, ndiyo spora zenyewe, chembe za kuzaliana za uyoga.

Na hapa ndipo kesi inaamuliwa. Kwangua kidogo kwa wembe, tone la maji, hadubini ya x1000 yenye mafuta. Ganoderma (jenasi aliyoianzisha Karsten, Mfini, 1881) spora yake ina kuta mbili, ya nje nyembamba na laini, ya ndani ya kahawia yenye vijinguzo vinavyoigusa ya nje, na ncha moja utadhani imekatwa. Ukikuta spora laini zisizo na rangi, ukuta mmoja mwembamba, hiyo siyo Ganoderma, jaribu Trametes, jenasi nyingine ya uyoga wa magogo. Nyama ikiwa kahawia na ukidondoshea KOH (potasiamu hidroksidi) inageuka nyeusi, fikiria Phellinus, nayo ni jenasi ya uyoga wa magogo, na ndugu zake.

Kausha vizuri, weka kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, utaota ukungu. Kwenye lebo andika Ganoderma sp., mahali, tarehe, mti. Jina la spishi liache wazi mpaka upime spora za kutosha, na ikiwezekana DNA.