Kula chakula cha Kijapani cha kisasa ufukweni Dubai: kuweka meza, kuagiza, kula na kulipa

Kosa kubwa katika migahawa hii ya Kijapani si kushika vijiti vibaya. Ni kuagiza kama unavyoagiza hotelini nyumbani: kila mtu na sahani yake, wali pembeni, vyote vije kwa pamoja. Hapa sahani ni ndogo, zinawekwa katikati ya meza, kila mmoja anachota, na jiko linatoa kila chakula kinapoiva bila kusubiri kingine. Aliyezoea kula kwenye sinia ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu iliyobaki ni mpangilio: kipi kitangulie, kiasi gani, na lini uongeze. Ukikosea hapo utaondoka na njaa na bili nene.

Mfano wetu ni Dubai, ambako Waswahili wengi wanaishi, wanafanya kazi au wanapita. Mgahawa unaojulikana zaidi wa aina hii huko ni Nobu, ndani ya hoteli ya Atlantis The Palm, kwenye kisiwa cha kutengenezwa cha Palm Jumeirah. Ulifunguliwa 2008 na tangu 2023 uko ghorofa ya 22. Mwenye jina, mpishi Nobu Matsuhisa, alizaliwa Japani mwaka 1949, akajifunza sushi (wali wa siki unaoliwa na samaki, mara nyingi mbichi) Tokyo, akahamia Lima nchini Peru mwaka 1973, kisha akafungua mgahawa wake Beverly Hills mwaka 1987 na mwingine New York mwaka 1994 akishirikiana na mwigizaji Robert De Niro. Safari hiyo ndiyo inayoeleza menyu. Ukikuta pilipili mbichi, ndimu na giligilani juu ya samaki mbichi, hiyo ni Peru imeingia jikoni. Migahawa mingi ya Kijapani ya ufukweni imefuata njia hiyohiyo, kwa hiyo yanayofuata yatakufaa kwingine pia.

Kuweka meza

Andika saa kwa tarakimu. Ukimwambia mwenzako "saa mbili" na mgahawa ukasoma 2:00, meza yako imepotea. Saa mbili usiku ni 20:00, na Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Migahawa mingi ya daraja hili huomba namba ya kadi unapoweka nafasi, na hukata pesa kwa kila kichwa usipotokea. Soma saa ya mwisho ya kufuta nafasi kabla hujathibitisha.

Ukitaka kuona jua likizama, kumbuka kwamba Desemba linazama karibu 17:30 na Juni karibu 19:10. Fika nusu saa kabla na uombe meza ya dirishani wakati wa kuweka nafasi. Ukiomba mlangoni umechelewa. Kwa anayeswali, muda huo ndio wa magharibi, na sahani za moto zitapoa ukiwa msikitini. Ni afadhali kuweka meza nusu saa baada ya jua kuzama, ukaswali kwanza, ukaja kula kwa utulivu.

Katika maelezo ya nafasi taja mzio wowote: kamba na kaa, ufuta, soya, ngano, karanga. Usisubiri kumwambia mhudumu baada ya kuagiza. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano ndani yake, na hilo huwashtua wengi.

Mavazi: kandambili, nguo za kuogelea na fulana zisizo na mikono hazipiti, na wanaume waepuke pensi. Kanzu, dera zuri au suruali na shati vinakubalika bila shida. Udi na manukato mazito, hasa ukikaa kaunta mbele ya mpishi wa sushi, vipunguze. Harufu ya samaki mbichi bora ni nyepesi mno, na moshi wa udi kwenye nguo huifuta, yako na ya jirani yako.

Kusoma menyu

Majina mengi ya samaki yanatisha kuliko samaki wenyewe. Jodari ameandikwa kwa sehemu zake: akami ni nyama nyekundu isiyo na mafuta, chutoro ina mafuta kiasi, otoro ni ya tumboni, laini kama siagi na ghali kuliko zote. Hamachi ni wa ukoo mmoja na kolekole wetu, ila ana mafuta zaidi; sahani ya vipande vyembamba vya hamachi na pilipili ya jalapeño ni mahali pazuri pa kuanzia. Tako ni pweza, ika ni ngisi, ebi ni kamba, unagi ni mkunga wa maji yasiyo na chumvi aliyechomwa na kupakwa sosi tamu. Ikura ni mayai ya samoni. Uni ni sehemu laini ya rangi ya chungwa kutoka ndani ya yule mnyama wa miiba anayechoma miguu ya watu kwenye miamba. Ladha yake ni ya bahari kabisa, na usiiagize mara ya kwanza kwa kuwa tu ni maarufu.

Nori ni mwani uliokaushwa na kubanwa kama karatasi. Si aina ile inayolimwa Paje au Jambiani, ambayo huuzwa zaidi kwa ajili ya kugandishia vyakula na vipodozi.

"Black cod" si chewa. Ni samaki wa maji baridi ya Pasifiki ya kaskazini, mwenye mafuta mengi, anayelowekwa siku mbili au tatu kwenye miso, yaani soya iliyochachushwa, pamoja na sukari, kisha anachomwa mpaka kingo ziwe kahawia. Ndiyo sahani iliyompa Nobu jina, na inatosha watu wawili.

Vya makaa vinaandikwa robata au kushiyaki. Ni ndugu wa mishikaki, ila makaa ya Kijapani ya binchotan yanatoa moto mkali na moshi kidogo, hivyo ladha ya nyama haifunikwi. Nyama ya wagyu huuzwa kwa gramu: uliza bei iliyoandikwa ni ya gramu ngapi kabla hujakubali. Ya daraja la A5 ina mafuta mengi kiasi kwamba gramu 100 zinawatosha wawili, na zaidi ya hapo hukinaisha.

Kiasi na mpangilio

Kwa watu wawili wenye njaa ya kawaida: edamame moja (soya changa kwenye maganda yake), sahani mbili za baridi, moja ya tempura (kamba au mboga zilizochovywa kwenye uji mwepesi wa unga na kukaangwa), moja kubwa ya moto, roli moja (wali na samaki vilivyoviringishwa kwa nori) yenye vipande 6 hadi 8, na nigiri 4. Kwa watu wanne, sahani 9 au 10 kwa jumla. Usizidishe mara mbili kila kitu. Ongeza aina, si idadi. Nigiri ni tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, na mahali pengine bei ni ya kimoja, pengine ya viwili. Uliza.

Agiza kwa mikupuo miwili. Wa kwanza uwe na edamame, vya baridi na tempura. Vikifika, kula, kisha baada ya dakika 20 hivi agiza cha moto kikubwa, na sushi mwisho. Ukiagiza vyote pamoja meza itajaa ndani ya robo saa: tempura italegea kwa mvuke wake wenyewe, wali wa sushi utakauka, na samaki wa baridi atapata joto. Mhudumu atakushawishi uagize yote mapema kwa sababu inamrahisishia kazi. Mwambie kwa upole, "Tutaanza na hivi, vingine baadaye."

Sushi kuja mwisho kunawashangaza wengi, lakini kuna sababu: wali unashibisha. Ukianza nao hutakuwa na nafasi ya vile ulivyovifuata.

Omakase maana yake ni kumwachia mpishi achague. Uliza mambo matatu kabla hujasema ndiyo: sahani ngapi, bei kwa kila mtu, na kama meza nzima lazima ichukue. Tenga saa mbili au zaidi. Kwa mgeni wa chakula hiki ni njia nzuri, ila si rahisi kwa mfuko.

Halali, na anayeogopa mbichi

Hapa ndipo Mwislamu anapaswa kuwa makini, kwa sababu pombe imejificha kwenye sosi. Mirin, ile inayotia utamu na mng'ao, huwa na kileo karibu asilimia 14, na sake, pombe ya mchele, hutumika kupikia kama sisi tunavyotumia siki. Vinavyobeba kimoja au vyote viwili ni teriyaki (sosi tamu ya soya), sosi ya unagi, ponzu (sosi ya soya na ndimu) na kiloweko cha miso cha yule samaki maarufu. Kuuliza "Ni halali?" hakutoshi, mhudumu atafikiria nyama tu na kujibu ndiyo. Uliza hivi: "Kuna mirin au sake ndani yake, hata kama imechemshwa?" Kisha uliza kama kuna toleo lisilo nayo. Gyoza, mfano wa sambusa ndogo za Kijapani, na supu za tambi pia uliza kama zina nguruwe. Kwa usalama zaidi chagua sashimi (vipande vya samaki mbichi bila wali) na ndimu na chumvi, edamame, mboga za kuchoma, na nyama ya makaa bila sosi.

Asiyekula nyama wala samaki ajue kwamba supu ya miso hupikwa kwa dashi, mchuzi wa samaki aliyekaushwa. Inaonekana ya maharage, lakini si ya mboga.

Kwa anayeogopa kibichi kuna mlango wa kati. Matsuhisa alimpelekea mteja sashimi, mteja akakataa kwa kuwa ni mbichi. Akamwagia mafuta ya moto juu ya vile vipande vyembamba mpaka vikaiva kidogo kwa nje, na mteja akala. Sahani hiyo ipo kwenye menyu kwa jina la "new style sashimi". Anza nayo, au na tataki, samaki aliyebabuliwa nje tu.

Samaki wengi wanaoliwa wabichi huwa wamegandishwa kwanza ili kuua minyoo. Mwongozo wa Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani kwa kawaida hufika 18 tu, na ubaridi hauui bakteria. Kwa hiyo usirudi Dar ukajaribu na samaki wa soko la Feri, hata kama amefika gatini asubuhi hiyohiyo. Mjamzito aache mbichi kabisa, na jodari, hata aliyepikwa, apunguze kwa sababu ya zebaki.

Mezani

Taulo la moto au la baridi linaloletwa mwanzo ni la mikono, si la uso. Edamame zinaliwa mbegu tu: weka ganda mdomoni, vuta mbegu kwa meno, ganda lirudi kwenye bakuli. Supu ya miso inyanyue bakuli unywe.

Vijiti: cha chini kikae kwenye shina la dole gumba na juu ya kidole cha pete, kisitikisike. Cha juu kishike kama kalamu, hicho ndicho kinachotembea. Usivishike chini mno. Sogeza mkono juu. Usivisimamishe kwenye wali na usipitishe chakula kutoka vijiti kwenda vijiti, kwani yote mawili ni mambo ya msiba kwa Wajapani. Ukishindwa, omba uma. Nigiri hata Wajapani huila kwa mkono, na mkono wa kulia unatujia wenyewe.

Mimina sosi ya soya kidogo, kijiko cha chai kimoja. Geuza nigiri, chovya upande wa samaki. Ukichovya wali utanyonya sosi, utavunjika, na utakachoonja ni chumvi tu. Mwenye presha ajue kuwa kijiko kikubwa kimoja cha sosi hiyo kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Nigiri iliyokwisha kupakwa sosi na mpishi haichovywi tena. Weka yote mdomoni mara moja.

Wasabi, ile ya kijani, si pilipili yetu. Inapanda puani na kutoka kwa sekunde chache, kwa hiyo anza na kiasi cha punje ya mchele. Tangawizi nyembamba ya siki huliwa kati ya samaki mmoja na mwingine kusafisha ulimi, si juu yake.

Bili

Mwanzoni kabisa utaulizwa maji ya kawaida au yenye gesi. Chupa ni ya kulipia, na ikiisha itafunguliwa nyingine bila kuulizwa. Sema mapema: "Ikiisha niulize."

Soma maandishi madogo chini ya menyu: yanaeleza kama bei zimejumlisha VAT ya asilimia 5, iliyoanza 2018, pamoja na ada ya huduma na ya manispaa. Kama ada ya huduma imo, bakshishi ni hiari.

Piga hesabu kabla ya kuketi. Tuseme sahani 7 kwa wastani wa dirham 120, chupa mbili za maji kwa 35 kila moja na kitindamlo kwa 60. Hizi ni namba za mfano tu. Jumla ni 970. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hivyo ni kama dola 264. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa shilingi, chagua dirham; ukichagua shilingi kiwango cha kubadilisha huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Chakula kilichobaki kifungashiwe cha moto tu. Sushi na sashimi ziache mezani, maana joto la nje na safari ya teksi hadi Deira vinatosha kuziharibu.