Jinsi ya Kubuni Muundo wa Ujumbe kati ya Programu za Hisabati

Kabla hujaamua ujumbe utaandikwaje, amua ni nini kisichoruhusiwa kupotea njiani. Katika hisabati vitu hivyo ni viwili: usahihi wa namba na maana ya alama.

Anza na namba. Ukiandika 9007199254740993 ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) kama namba ya kawaida, lugha ya programu ya JavaScript itaisoma kuwa 9007199254740992, kwa sababu huihifadhi katika biti 64 za namba ya nukta inayoelea (floating point), ambazo haziwezi kutofautisha kila namba kamili baada ya 2 kwa kipeo cha 53. Ubaya wake ni kwamba hakuna kosa litakaloripotiwa. Kwa hiyo namba kamili itumwe kama mfuatano wa tarakimu, na theluthi moja itumwe kama jozi ya 1 na 3, isigeuzwe kamwe kuwa 0.333.

Maana ina ugumu zaidi. Programu ya hisabati ya Maple ikiulizwa kinyume cha kotanjenti kwa -1 hujibu 3π/4, ilhali mwenzake Mathematica hujibu -π/4, na kila moja iko sahihi kwa fasili yake. Ukituma jina la kanuni hiyo likiwa tupu, umetuma kitendawili. OpenMath, lugha ya pamoja ya kuandikia hisabati kwa ajili ya kompyuta, hulikwepa tatizo hili kwa kuifunga kila alama na kamusi inayoifasili: kujumlisha, kwa mfano, ni alama «plus» ya kamusi «arith1», si ishara ya + tu. Faida nyingine ni ya hesabu: mifumo 10 inayozungumza miwili miwili bila lugha ya kati huhitaji wakalimani 90, mmoja kwa kila upande, ilhali kukiwa na lugha ya kati, 20 wanatosha.

Kisha tenganisha bahasha na barua, yaani taarifa za usafirishaji na hisabati yenyewe. Itifaki ya SCSCP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu za hisabati, inayotumika katika programu ya aljebra ya GAP, ina ujumbe wa aina tatu tu: ombi la kazi, jibu la kazi iliyokamilika, na taarifa ya kazi iliyokatizwa, na kila mmoja hubeba kitambulisho cha ombi ili jibu lisipotee kwa mwenyewe. Mruhusu pia mwombaji aweke kikomo cha muda na cha kumbukumbu, na achague kupewa rejeo (kitambulisho cha jibu lililobaki kwenye mfumo ulioombwa) badala ya jibu zima, kwani matriki kubwa itakayotumika tena kulekule haina haja ya kusafirishwa.

Mwisho, tuma kila aina ya kitu kwenda mfumo wa pili, kirudishwe, ukilinganishe na cha awali. Anza na 9007199254740993.