Jinsi ya kuwaombea wazazi Super Visa ya Kanada

Super Visa ni viza ya kuingia Kanada mara nyingi. Inaweza kudumu hadi miaka 10, na mzazi, au babu na bibi, anaruhusiwa kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Ilipoanzishwa Desemba 2011, muda wa kukaa ulikuwa miaka 2. Julai 2022 ndipo ukaongezwa kuwa 5. Kwenye fomu mwombaji ni mzazi, lakini karatasi nzito zote zinatoka kwa mtoto aliyeko Kanada, kwa hiyo mtoto ndiye aanze kazi.

Mwenyeji, yaani wewe unayealika, lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, awe na miaka 18 au zaidi na awe anaishi Kanada. Kama uko kwa kibali cha kazi au cha masomo, njia hii si yako. Wazazi waombe viza ya kawaida ya mgeni, ambayo kwa kawaida humpa mtu miezi 6. Mzazi anaomba akiwa nje ya Kanada, na hawezi kumweka mdogo wako anayemtegemea kwenye ombi hili. Baba ana ombi lake, mama ana lake.

Hatua ya kwanza: majina

Kabla ya kutafuta bima au kugusa fomu, weka mezani cheti chako cha kuzaliwa na pasipoti za wazazi, kisha soma jina moja moja, herufi kwa herufi. Cheti chako ndicho kinachothibitisha kuwa huyu ni mama yako. Tuseme kwenye cheti mama ameandikwa Mwanaisha Juma, na pasipoti yake inasema Mwanaisha Hamisi Mohamed. Ninyi mnajua kuwa Juma ni jina la babu na Mohamed ni la mume. Ofisa anayesoma faili hajui, na anachokiona ni wanawake wawili tofauti. Mzazi aende kwa wakili aape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, aambatanishe cheti cha ndoa ikiwa ndicho kilichobadilisha jina, na wewe uongeze maelezo mafupi ya aya moja. Cheti kilichotolewa ukiwa mtu mzima kinakubalika. Ukiwa nacho cha aina hiyo, weka pia kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au karatasi za shule zinazotaja mzazi.

Angalia pia tarehe za pasipoti. Viza haiwezi kupita uhai wa pasipoti, kwa hiyo mwenye pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja hatapata viza ya miaka 10. Aibadilishe kwanza.

Mapato na hesabu ya vichwa

Serikali ina jedwali la kipato cha chini ambacho mwenyeji lazima akifikie, LICO, linalopanda kwa idadi ya watu na kubadilika kila mwaka. Chukua jedwali la mwaka unaoomba, si lile ulilotumiwa na rafiki aliyeomba zamani. Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu watu wachache. Jihesabu wewe, mwenzi wako, watoto mnaowalea, wazazi mnaowaalika sasa, na yeyote uliyemdhamini zamani ambaye dhamana yake haijaisha. Mke, mume, watoto wawili, baba na mama ni watu 6, hata kama mama atakuja peke yake mwanzoni na baba atafuata, maadamu wote wawili wameomba pamoja. Kipato chako peke yako kisipofika, mwenzi anaweza kutia saini pamoja nawe na vipato vikajumlishwa.

Ushahidi wenye nguvu ni Notice of Assessment (taarifa ya tathmini ya kodi yako) ya mwaka wa karibuni kutoka CRA, mamlaka ya kodi ya Kanada. Ongeza barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kuajiriwa, hati za mshahara za karibuni na taarifa ya benki. Anayejiajiri aweke na hesabu za biashara.

Barua ya mwaliko

Andika kurasa zisizozidi mbili. Iwe na ahadi ya kumtunza mzazi kwa muda wote atakaokaa, orodha ya watu wa nyumbani mwako na idadi yao, saini na tarehe. Ambatanisha nakala ya uraia au kadi ya ukaazi. Sentensi yenye maana ni ya namna hii: "Nitagharamia chakula, malazi, usafiri na mahitaji yote ya mama yangu kwa kipindi chote atakachokuwa Kanada." Usiandike kuwa mama anakuja kulea mtoto ili mke wako arudi kazini, ofisa anaweza kuisoma hiyo kama ajira. Na ikiwa kweli mpango ni huo, upangeni upya kabla hamjaomba.

Bima

Bima lazima iwe ya dharura ya afya isiyopungua dola 100,000 za Kanada, idumu angalau mwaka 1 tangu siku ya kuingia, na igharamie matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Makadirio ya bei hayapokelewi. Iwe imelipwa yote, au kwa awamu huku malipo ya kwanza yameshatolewa. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: viza ikikataliwa fedha zinarudi? Tarehe ya kuanza inaweza kusogezwa? Na sukari au presha ambayo mzazi anayo tayari, inahudumiwa kwa masharti gani? Bima nyingi hudai ugonjwa uwe umetulia kwa miezi kadhaa, na daktari akibadilisha dozi wiki moja kabla ya safari, hesabu hiyo inaanza upya. Mzazi aseme ukweli wote kwenye fomu ya bima. Ukificha presha leo, kesho utalipa bili ya hospitali mwenyewe.

Fomu, ada na vipimo

Maombi hufanywa mtandaoni kwa IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada. Ada ya viza ni dola 100 kwa mtu na ya alama za vidole ni 85, yaani 370 kwa wazazi wawili. Baada ya kulipa hutumwa barua ya alama za vidole, na mzazi ana siku 30 za kwenda kituoni. Nairobi na Dar es Salaam vipo. Aliyepita miaka 79 hahitaji. Vipimo vya afya ni lazima, na daktari awe kwenye orodha ya IRCC. Vya daktari wa familia, hata awe bingwa, havitambuliwi.

Kwenye fomu ya familia andikeni watoto wote, wa ndoa na wa nje, na waliokwisha kufariki. Swali la kuwahi kunyimwa viza lijibiwe kwa ukweli hata kama ni ya nchi nyingine, zamani sana. Uongo ukigundulika, adhabu ni kuzuiwa miaka 5.

Mzazi naye aonyeshe kinachomrudisha nyumbani: pensheni, hati ya nyumba au shamba, leseni ya biashara, watoto wengine na wajukuu waliobaki.

Siku ya kufika

Barua ya mwaliko na bima zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopita chini ya ndege. Mzazi amwambie ofisa kuwa ana Super Visa na aonyeshe bima. Kabla hajaondoka dirishani atazame muhuri. Ukigongwa bila tarehe yoyote, aulize kwa upole ameruhusiwa mpaka lini, maana mgeni wa kawaida huhesabiwa miezi 6. Akitoka Kanada na kurudi, bima iwe hai tena.

Wakinyimwa

Barua ya kukataliwa inaweza kuwa na mistari michache isiyosema mengi. Kabla ya kuomba tena, omba maelezo ya ofisa yaliyomo kwenye faili. Ada ni dola 5, na mtoto aliyeko Kanada anaweza kuyaomba mzazi akitia saini fomu ya idhini. Humo ndimo utakapoona kama tatizo lilikuwa kipato, majina au shaka ya kurudi, na ombi jipya lijibu hilo hilo kwa karatasi mpya.