Mtoto akimwambia bibi "mambo", ufanyeje?

Likizo ya Disemba nilimpeleka mwanangu wa miaka sita kwa bibi yake Mikindani, Mtwara, tumemkuta barazani anabangua korosho, mtoto si akamwambia "mambo bibi!" Bibi kimya, anabangua tu. Nikataka kumzaba kofi palepale ila mjomba akanizuia, na huku kwetu Kusini mjomba akishasema ndo basi tena, akaniuliza we mwenyewe umeamkia? Kweli bhana, niliingia na simu sikioni.

Kwahiyo anza na wewe. Mwamkie mama muuza ming'oko (ile mizizi ya porini ya kuchemsha) na jirani mtoto akiwa pembeni anasikia. Mkikaribia kupiga hodi muulize taratibu "ukimuona bibi utasemaje?" Usimkaripie mbele za watu, atanywea halafu hatosema kitu kabisa.

Kuitika nako. Zamani wa kiume naam, wa kike abee, siku hizi unasikia "niniii?" toka chumbani. Mi sigombi, akiitika hivyo najifanya sijasikia naita tena, mpaka aitike vizuri. Ilichukua kama wiki mbili hivi.

Wageni wakitaka kula mpe jagi na beseni anawishe, aanze na mkubwa kuliko wote. Mara ya kwanza atawamwagia maji miguuni, vumilia tu.

Sasa kuna vitu vimebadilika. Sie kumkodolea macho mkubwa ilikuwa utovu wa adabu, ila mwalimu wa sasa anataka mtoto amwangalie anapojibu, mweleze tu kwamba kwa bibi hivi na shuleni vile, ataelewa, mbona Kimakonde cha bibi na Kiswahili cha darasani hachanganyi.

Ila pale wazee wanapomlazimisha akae mapajani kwa mgeni eti ndo heshima, hapo mi nakataa. Shikamoo ya mdomo inatosha. Mzoeshe kusema "shikamoo, ila sitaki kushikwa", na mkubwa yeyote akimwambia "usimwambie mama", aje aseme, hatochapwa.

Na nyie wakubwa itikieni basi, mtoto kaamkia mara tatu mtu anachati tu, kesho ataamkia tena kweli?

Kinachonishinda ni bodaboda. Ana miaka kumi na tisa, mtoto kamwambia shikamoo, jamaa kacheka mpaka pikipiki imezima.