Mama Aliyeachwa Anapopenda Tena

Eda kwanza, yaani muda ambao Mwislamu aliyeachwa hungoja kabla ya kuolewa tena. Anayepata hedhi hukaa twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, aliyekoma hedhi miezi mitatu, mjamzito hadi ajifungue. Ndoa ikifungwa kabla ya hapo ni batili. Hati ya talaka ya Kadhi iwe mkononi.

Walii, msimamizi wako wa kukuozesha, bado anahitajika, lakini kwako wewe uliyewahi kuolewa kimya si ridhaa: lazima utamke. Basi tamka, dada, ukiwa umeridhika kweli, si kwa kuwa shangazi amechoka kukuona nyumbani.

Pimeni Ukimwi nyote wawili, mrudie baada ya miezi mitatu.

Mwili uliokaa miaka bila kuguswa huweza kuwa mkavu, na haraka ndiyo inayouumiza. Mume akupapase kwanza, robo saa au zaidi, nawe umuonyeshe wapi. Kutaka raha si utovu wa haya. Mafuta ya nazi hulainisha, ila hudhoofisha kondomu za mpira zikapasuka; ukizitumia, nunua kilainishi cha maji duka la dawa. Udi na asumini ni vya nguo, nywele na kitanda. Shabu, lile jiwe jeupe la dukani, usiiweke ukeni kamwe: hukausha, huchubua, na michubuko hukaribisha maambukizi. Maumivu yakiendelea, muone daktari wa wanawake.