Jinsi ya Kuomba Ripoti za Nusura Ajali Zipewe Alama Kazini

Kama karakana yenu pale Unga Limited au Njiro, Arusha, ina ubao wa "siku bila ajali" na bonasi ya mwisho wa mwezi, mchezo mnaujua. Jeki inateleza, gari linashuka karibu kabisa na mguu wa fundi, watu wanatazamana, kisha kimya. Hiyo ndiyo nusura ajali: ingeweza kuumiza mtu, haikuumiza, na hairipotiwi. Nani atake kuwaharibia wenzake bonasi?

Anzeni kwa mwakilishi wa usalama na afya, meneja baadaye. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawatambua wawakilishi hao. Msimulieni tukio moja au mawili yaliyofichwa, bila majina.

Kisha andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mwajiri, ipitie kwa mwakilishi huyo. "YAH: Maombi ya kubadili utaratibu wa alama za usalama" inatosha kwa kichwa. Kazi kubwa iko chini yake: barua ikisema "tunaomba motisha" tu, itaishia kabatini. Tajeni alama zenyewe. Kwa mfano, ripoti ikifika kabla ya zamu kuisha, alama 2. Hatari ikirekebishwa na mwakilishi akaikagua, 3 zaidi. Anayeripoti kosa lake mwenyewe asikatwe kitu, isipokuwa alifanya makusudi au alikuwa amelewa. Mkiulizwa wapi jambo hilo limewahi kufanyika, tajeni marubani wa Marekani: tangu 1976 wanapeleka ripoti zao NASA, shirika la anga la nchi hiyo, na anayewahi ndani ya siku 10 huweza kuepushwa adhabu kwa kosa lisilo la makusudi.

Alama ziende kwa timu nzima. Mkilipana fedha taslimu kwa kila ripoti, waya mmoja unaoning'inia utaripotiwa na watu watano.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Ombeni suala liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho, na muhtasari utaje nani atajibu na lini. Majaribio ya miezi 3 yanakubalika kirahisi kuliko "kuanzia sasa".

Mwambieni meneja mapema kwamba mwezi wa kwanza ripoti zitaongezeka. Asipolijua hilo, atadhani karakana imeoza ghafla na atarudisha ubao wake.

Mtu akiumia kweli, njia ni nyingine: mwajiri anatoa taarifa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, alama ziwepo zisiwepo.